Kupima mizunguko ya angani ukiwa ufukweni Jambiani: mwezi, sayari na asteroidi

Muulize mama yeyote anayelima mwani hapa Jambiani, Zanzibar, bamvua lijalo (yale maji yanayojaa na kupwa sana) litaangukia lini, atakutajia siku bila kufungua simu. Mvuvi naye hivyo hivyo. Lakini uliza mwezi unachukua siku ngapi kuizunguka dunia, na karibu kila mtu atakujibu ishirini na tisa au thelathini. Mimi mwenyewe nilijibu hivyo miaka mingi mbele ya wanafunzi wangu. Jibu lenyewe ni siku 27 na karibu saa 8.

Mwanafunzi mmoja aliponisikia nikisahihisha alisema, "Mwalimu, kwani mwandamo unatudanganya?" Nikamwambia, "Hautudanganyi, mwanangu. Tunauliza swali moja, tunahesabu jingine." Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na kwa kila mtu mwenye macho, daftari na subira ya miezi michache. Kila kipimo kilichomo unaweza kukifanya mwenyewe, na nakuomba sana ukifanye, kwa sababu namba uliyoihangaikia usiku haikutoki tena kichwani.

Kabla ya yote: unahesabu kutoka wapi?

Aliyewahi kutufu, yaani kuizunguka Kaaba kule Makka, analijua jambo hili kwa miguu yake. Mzunguko mmoja huhesabiwa kutoka usawa wa Hajarul-Aswad, lile Jiwe Jeusi, hadi urudi pale pale. Mtu akianza kuhesabu kutoka alipo mwenzake hadi amkute tena, hesabu itampotea, maana mwenzake naye anatembea. Atakamilisha mzunguko mzima na bado hajamfikia.

Angani, nyota ndizo alama iliyotulia. Kwa muda wa miaka michache hazibadilishi mahali pake baina yao kiasi cha kuonekana kwa macho. Jua ndilo mwenzetu anayetembea: dunia inalizunguka, kwa hiyo kila baada ya wiki chache tunaliona mbele ya nyota nyingine. Basi kila kinachozunguka huko juu kina vipindi viwili. Kimoja ni cha kurudi kwenye nyota ile ile, nacho ndicho mzunguko wenyewe. Kingine ni cha kurudi kwenye usawa ule ule na jua. Nitaviita kipindi cha nyota na kipindi cha jua. Mwandamo hadi mwandamo ni kipindi cha jua. Anayechanganya hivi viwili ataharibu hesabu zote zinazofuata, kwa hiyo rudia kusoma aya hii kama haijakaa.

Vifaa

Daftari la hesabati lenye miraba, penseli, saa inayokwenda sawa na ya simu, kalkuleta, na tochi uliyoifunika kwa kitambaa chekundu ili macho yasipoteze uzoefu wa giza. Kwa mwezi na sayari macho yanatosha. Kwa miezi ya Mshtarii (sayari ya Jupita) na kwa asteroidi, yale mawe makubwa yanayolizunguka jua, utahitaji darubini ya macho mawili. Yangu imeandikwa 10×50, maana yake inakuza mara 10 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 50. Ya 7×50 nayo inafaa.

Rula ya angani unayo tayari: nyoosha mkono, ngumi yako ni kama nyuzi 10, kidole cha mwisho ni kama nyuzi 1. Mwezi wenyewe una upana wa nusu nyuzi tu, ingawa hakuna anayeamini mpaka aufunike kwa kidole.

Mwezi na Kilimia

Anza hapa hata kama hamu yako iko kwenye sayari. Alama yetu itakuwa Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo wazee walilitazama kujua msimu: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Limekaa karibu na njia ya mwezi, na katika miaka hii hadi kama 2029 mwezi unapita karibu nalo mno kila unapozunguka. Ni bahati ya kuitumia.

Kwanza, mwishoni mwa Julai amka baada ya saa 8 usiku na tazama mashariki juu ya bahari. Kilimia kitakuwa kimekwisha kuchomoza. Tafuta usiku ambao mwezi uliobaki kipande umekisogelea. Mwezi unakwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki mbele ya nyota, nyuzi 13 hivi kwa siku, yaani ngumi moja na vidole vitatu. Kwa saa moja unasogea kiasi cha upana wake mwenyewe. Usiku mmoja ukiutazama kwa saa mbili utauona ukisogea kweli, na nadhani hakuna kitu rahisi zaidi ya hiki cha kumfanya mtoto aipende elimu ya anga.

Pili, andika tarehe na saa ambayo mwezi ulikuwa sambamba na Kilimia. Ukikosea kwa saa moja au mbili usijali, nitaeleza kwa nini.

Tatu, usijaribu kuukamata mwezi unaporudi mara ya kwanza. Utarudi baada ya siku 27 na saa 8, na hizo saa 8 zinaweza kukuangusha mchana, jua likiwaka. Subiri mizunguko mitatu. Saa 8 mara tatu ni siku nzima, kwa hiyo baada ya siku 82 kasoro saa moja mwezi unarudi kwenye Kilimia karibu wakati ule ule wa usiku. Ulioanza mwishoni mwa Julai utaukuta katikati ya Oktoba. Safari hii mwezi utakuwa mkubwa na mwanga wake utazifunika nyota ndogo, basi chukua darubini.

Nne, gawa kwa 3. Siku 82 kasoro saa moja ni 81.96, na theluthi yake ni 27.32. Kosa lako la saa mbili nalo limegawanywa kwa tatu, limebaki dakika 40. Hii ndiyo siri ya kupima vipindi vyote: usipime mzunguko mmoja, pima mingi kisha gawa.

Sasa hesabu ya mwandamo. Kutoka Muharram hadi Muharram ni siku 354 au 355, ukigawa kwa 12 unapata 29.53 hivi. Siku mbili na zaidi zilizoongezeka zinatoka wapi? Mwezi umemaliza mzunguko wake kwenye nyota, lakini katika siku hizo 27 dunia nayo imesogea kwenye njia yake ya kulizunguka jua, kiasi cha nyuzi 27. Mwezi unalazimika kuifidia hiyo tofauti ndipo usimame tena usawa na jua. Kwa kalkuleta: 1 gawa kwa 27.32, toa 1 gawa kwa 365.25, kisha 1 gawa kwa jibu hilo. Utapata 29.53. Mara ya kwanza namba hiyo ilipotokea kwenye kalkuleta yangu, baada ya kupima pande zote mbili mwenyewe, nilikaa mchangani muda mrefu.

Na mama wa mwani? Hesabu yake ni sahihi kwa kazi yake. Bamvua linakuja pale jua, dunia na mwezi vinapokaa kwenye mstari mmoja, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Maji mafu yanakuja mwezi ukiwa nusu. Bahari inavutwa na vyote viwili, jua na mwezi, kwa hiyo inafuata kipindi cha jua. Kipindi cha nyota hakimsaidii kitu mwenye mwani.

Mwaka wa dunia yenyewe

Hiki ni kipimo kifupi. Chagua nyota inayozama nyuma ya ukuta au paa lisilosogea, na simama mahali pale pale kila usiku, weka jiwe uwe na hakika. Andika dakika ambayo nyota inapotea. Rudi baada ya siku 30: itapotea mapema kwa dakika 118 hivi, karibu dakika nne kwa kila siku. Dakika za siku ni 1,440. Zidisha kwa 30, gawa kwa 118, unapata 366.

Wengi wanadhani wamekosea kwa siku moja. Hawakukosea. Ndani ya mwaka mmoja nyota zinatuzunguka mara moja zaidi ya jua, kwa hiyo mara 366 za nyota ni siku 365 za jua. Huu ndio mwaka ambao Makunduchi wanaukoga kila Julai, na ndiyo maana sherehe yao ya Mwaka Kogwa haikimbii misimu kama Ramadhani inavyokimbia: mwaka wa mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11.

Miezi ya Mshtarii

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi. Mshtarii ina miezi mingi, ila minne ni mikubwa kiasi cha kuonekana kwa darubini ya mkononi: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Mtaalamu wa nyota Galileo aliiona Januari 1610, na kwa usiku chache za kuchora vidoto akajua kwamba si kila kitu kinaizunguka dunia. Wewe utachora vidoto vile vile.

Wakati mzuri ni wa kaskazi, anga linapokuwa safi, na Mshtarii ikiwa inaonekana usiku mwingi. Miaka hii mambo yamekutana vizuri: Mshtarii ilikuwa mkabala na jua, yaani upande wa anga ulioelekeana na jua, tarehe 10 Januari 2026, na itakuwa tena Februari 2027. Ndiyo inayong'aa kuliko nyota zote usiku wa manane, mwanga wake umetulia, haumetimeti.

Tatizo la kwanza ni mkono kutikisika. Kwetu Mshtarii inapanda juu sana, na shingo haivumilii. Tandika jamvi, lala chali, egemeza viwiko kwenye mchanga. Ikiwa bado chini, weka darubini juu ya ubavu wa ngalawa iliyopandishwa pwani. Kilichotulia kwa sekunde kumi kinakuonyesha zaidi ya kilichotikisika kwa saa nzima.

Kila usiku saa 2, au saa yoyote ile mradi isibadilike, chora duara dogo katikati ya mstari na uweke doti kwa kila mwezi unaouona. Kadiria umbali wake kwa upana wa Mshtarii yenyewe. Andika "Mash" upande mmoja na "Magh" upande wa pili kabla hujachora chochote. Mwaka wa kwanza sikuandika, kwa sababu nilidhani nitakumbuka. Nilikuwa nikilala usiku mmoja kichwa kusini na mwingine kaskazini, pande zikageuka, na kazi ya wiki mbili ikawa haina maana. Njia ya kujua pande ni rahisi: shika darubini bila kuisogeza, upande ambao Mshtarii inaukimbilia ndio magharibi.

Usiku wa kwanza hutajua doti ipi ni ipi. Vumilia. Callisto ndiyo inayokwenda mbali kuliko zote, hadi mara 13 na kidogo ya upana wa Mshtarii. Doti yoyote iliyo mbali kupita mara 8 ni hiyo, haina mpinzani, maana Ganymede inaishia kwenye saba na nusu. Ganymede yenyewe ninaiita mwezi wa wiki: mzunguko wake ni siku 7 na saa 4 hivi, kwa hiyo ukiiona mwisho wa mashariki Ijumaa, Ijumaa ijayo itakuwa karibu pale pale. Europa ni siku 3 na saa 13. Io ni saa 42 na nusu tu, na mara nyingi inamezwa na mwanga wa sayari. Kwa darubini ya mkononi utaikamata inapofika mwisho wa njia yake, si kila usiku.

Sasa fungua ukurasa wenye miraba. Mstari wa kulala ni tarehe, mstari wa kusimama ni umbali, mashariki juu na magharibi chini. Weka doti za Callisto peke yake. Baada ya wiki tatu utaona wimbi likijitengeneza, linapanda na kushuka, na hapo utaelewa kwamba unaona duara kwa ubavu. Tuseme vilele vya mashariki vimeangukia usiku wa 5, wa 22 na wa 38. Kutoka 5 hadi 38 ni siku 33, mizunguko miwili, kwa hiyo 16.5. Kipimo cha wataalamu ni 16.69. Kwa mtu aliyelala juu ya jamvi, hiyo ni kazi nzuri.

Kisha linganisha miezi mitatu ya ndani: 1.77, 3.55, 7.15. Kila mmoja ni karibu mara mbili ya uliotangulia. Io inapozunguka mara nne, Europa inazunguka mbili, Ganymede moja. Haikutokea hivyo kwa bahati, wanavutana, na mvutano huo ndio unaoipasha moto Io mpaka ikawa na volkano nyingi.

Na ukishakuwa na kipindi pamoja na umbali, unaweza kuipima Mshtarii kwa mizani. Upana wake ni kilomita 143,000 hivi, na Callisto inafika mara 13.17 ya upana huo, kwa hiyo iko kilomita 1,883,000 kutoka kwayo. Mwezi wetu uko kilomita 384,400. Gawa umbali wa kwanza kwa wa pili: 4.9. Zidisha 4.9 mara 4.9 mara 4.9: 117.6. Halafu gawa kipindi cha mwezi wetu kwa cha Callisto, 27.32 kwa 16.69, upate 1.637, na mraba wake ni 2.68. Zidisha 117.6 kwa 2.68. Mshtarii ni nzito kuliko dunia yetu mara 315. Wataalamu wanasema 318. Hukutumia chochote ila doti za penseli, mwezi wa kwenu, na vipimo viwili vya kuazima: upana wa Mshtarii na umbali wa mwezi.

Sayari zenyewe

Mshtarii inachukua karibu miaka 12 kulizunguka jua, na Zohali zaidi ya 29. Huna haja ya kusubiri. Pima kipindi cha jua, kisha kigeuze kiwe kipindi cha nyota.

Sayari iliyo nje ya njia yetu ikiwa mkabala na jua, inachomoza jua linapozama na inafika juu kabisa katikati ya kuzama na kuchomoza kwa jua. Andika tarehe ya usiku huo. Subiri mkabala unaofuata, hesabu siku. Zidisha siku hizo kwa 365.25, kisha gawa kwa siku hizo zikiwa zimetolewa 365.25.

Mshtarii ilikuwa mkabala tarehe 7 Desemba 2024 na 10 Januari 2026, siku 399. 399 mara 365.25 ni 145,735. Gawa kwa 33.75, unapata siku 4,318, yaani miaka 11.8. Ya kweli ni 11.86. Zohali, kutoka 8 Septemba 2024 hadi 21 Septemba 2025, siku 378, inakupa miaka 29.6 badala ya 29.46.

Mirihi itakusumbua. Kutoka Januari 2025 hadi Februari 2027 ni siku 764, na hesabu inatoa siku 700 badala ya 687. Kosa si lako. Njia ya Mirihi imebonyea kuliko ya Mshtarii, kwa hiyo mwendo wake haulingani mwaka mzima, na mkabala mmoja hautoshi. Wastani wa mikabala mingi ni siku 780, na hiyo inatoa 687 barabara.

Kwa Zuhura, iliyo ndani ya njia yetu, badili kutoa kuwa kujumlisha: inarudi baada ya siku 584, kwa hiyo 584 mara 365.25 gawa kwa 949.25, unapata 224.7.

Asteroidi

Kwa asteroidi huhitaji hata kusubiri mkabala, ukijua umbali wake kutoka kwenye jua. Mtaalamu wa nyota Kepler alichapisha kanuni yake mwaka 1619: umbali ukiupima kwa umbali wa dunia na jua, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa wenyewe tena, halafu tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni miaka. Vesta iko 2.36: inatoka 13.1, kipeuo chake 3.63. Ceres, ya kwanza kugunduliwa, tarehe 1 Januari 1801, iko 2.77: miaka 4.6. Jaribu na Neptuni kwa 30.07, utapata 165. Iligunduliwa 1846 na ilikamilisha mzunguko wake wa kwanza tangu kugunduliwa mwaka 2011.

Vesta ndiyo ya kuitafuta kwa darubini. Tumia ramani ya programu kama Stellarium ujue eneo, chora nyota zote unazoziona pale, rudi baada ya usiku tatu, chora tena. Doti iliyohama ndiyo. Usiamini doti ambayo hukuiona ikihama.

Na kuna moja ambayo hutahitaji darubini. Usiku wa kuamkia 14 Aprili 2029, asteroidi Apophis itapita kama kilomita 32,000 tu juu ya ardhi, chini ya satelaiti nyingi za televisheni. Itapita juu ya Bahari ya Hindi, kisha Afrika, ikielekea magharibi, na itakuwa karibu zaidi saa 6 na dakika 46 usiku kwa saa zetu, ing'ae kama nyota ya kawaida inayotembea. Leo kipindi chake ni siku 324 hivi. Dunia itakapoivuta na kuiachia, njia yake itapanuka, na kipindi kitazidi mwaka mmoja. Usiku mmoja, kipindi kingine. Aprili ni masika, mawingu yatakuwapo, kwa hiyo panga mapema mahali pawili pa kutazamia, pwani ya mashariki na pwani ya magharibi, uende palipofunguka.